Mwanza hadi Zambia: uipandie TAZARA Dar, uidakie Mbeya, au uachane na treni kabisa?

Hakuna treni inayotoka Mwanza ikafika Zambia moja kwa moja. Treni ya reli ya kati inayoondoka hapa mjini inaishia Dar es Salaam, na ya TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, inaanzia huko huko, ila stesheni zao ni mbili tofauti na hata upana wa njia zao haufanani. Reli ya kati ina mita moja kamili kati ya chuma na chuma, TAZARA ina milimita 1,067, na hii mpya ya umeme, SGR, ina milimita 1,435. Kwa hiyo mtu wa huku ziwani anayetaka kufika New Kapiri Mposhi, mwisho wa TAZARA, kilomita kama 200 kaskazini ya Lusaka, lazima aunge safari mwenyewe kipande kwa kipande.

Vipande hivyo vinaungika kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kwenda Dar, kisha kupanda TAZARA pale inapoanzia. Ya pili ni basi kutoka stendi ya Nyegezi hadi Mbeya, halafu kuidaka treni ikiwa njiani. Ya tatu ni basi hadi Tunduma, kuvuka mpaka kwa miguu, na basi jingine hadi Lusaka.

Najua watu wa Kigoma wataniuliza mbona nimeiruka ya nne: treni kupitia Tabora hadi Kigoma, kisha MV Liemba kushuka Ziwa Tanganyika hadi bandari ya Mpulungu, Zambia. Liemba ni meli ya historia kweli kweli. Iliundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Lakini imekaa nje ya kazi kwa muda mrefu kwa ajili ya matengenezo, na siwezi kumshauri mtu mwenye familia apange safari juu ya meli isiyo na ratiba ya kuaminika. Ikirudi majini kwa uhakika, hesabu zote za hapa chini zitabadilika.

Kwanza uliza kama treni inatembea

TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, wakati wa Nyerere na Kaunda, ili shaba ya Zambia ipate njia ya bahari isiyopita Rhodesia. Ina kilomita 1,860, na kwa miaka mingi imekuwa na treni mbili za abiria kwa wiki kila upande: Mukuba, ambayo ni ya haraka, na Kilimanjaro, ya kawaida inayosimama karibu kila kituo. Miaka ya karibuni huduma hiyo imekuwa ikisimama na kurudi kwa sababu ya uhaba wa vichwa vya treni na ubovu wa njia. Mwaka 2025 serikali mbili zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4, kuifufua reli nzima. Habari njema, lakini reli inayokarabatiwa ni reli inayoweza kufungwa. Kwa hiyo usikate tiketi ya basi ya Mbeya wala ya Dar kabla hujapiga simu stesheni utakayopandia, ukauliza mambo mawili: wiki hii inaondoka? Na ile ya wiki iliyopita ilifika lini? Jibu la swali la pili ndilo litakalokuonyesha hali halisi.

Nimepima kwa nini

Njia zote tatu nimezipima kwa mambo matano: muda, fedha, maunganisho, mwili na mzigo, na mpaka. Hayana uzito sawa. Watu wengi hutazama nauli tu, lakini kwangu kubwa ni maunganisho, yaani chombo kimoja kikichelewa, kile cha pili kinakuacha wapi na utalala kwa nani. Katika safari ya kuungaunga, kuchelewa ni sehemu ya ratiba. Kuna mji unaoweza kupoteza siku nzima bila kuumia, na kuna mji ambao siku moja ya kukwama inakula nauli ya kurudi.

Njia ya kwanza: kupitia Dar es Salaam

*Muda.* Ndiyo ndefu kuliko zote. Treni ya reli ya kati kutoka Mwanza inapita Malampaka, Shinyanga, Isaka, Tabora, Itigi, Manyoni, Dodoma na Morogoro, na hesabu ya busara ni kulala ndani usiku mbili. Anayetaka kufupisha hupanda basi hadi Dodoma, karibu kilomita 700, kisha akachukua SGR, ambayo tangu Julai 2024 inamfikisha Dar kwa saa tatu na nusu hadi nne hivi. Kipande cha SGR cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, bado ni cha kutazama dirishani. Ukipita Fela utaona tuta na nguzo, ila usipange nacho safari. Kutoka Dar, TAZARA kwa ratiba ni kama siku mbili hadi Kapiri Mposhi, na mwenye akili huongeza ya tatu.

*Fedha.* Nauli za treni zenyewe ni nafuu, hasa daraja la tatu. SGR ilipoanza, daraja la kawaida Dar hadi Dodoma lilikuwa shilingi 31,000. Kinachokula pesa ni kukaa Dar: gesti, chakula, bajaji. Mwenye ndugu Dar anaokoa zaidi hapo kuliko kwenye tiketi yoyote.

*Maunganisho.* Stesheni ya TAZARA iko barabara ya Nyerere, jirani na lile daraja la juu la Mfugale, kilomita kadhaa kutoka stesheni ya reli ya kati mjini. Ukishuka mjini, daladala za Gongo la Mboto zinapita pale, ila mwenye mabegi matatu achukue bajaji tu. Hatari halisi iko nyuma zaidi, kati ya Kilosa na Gulwe. Kipande hicho cha reli ya kati hupigwa na mafuriko karibu kila mvua zikizidi, na njia ikikatika treni ya Mwanza inaweza kusimamishwa kwa siku nyingi. Kuanzia Desemba hadi Mei, mimi nisingeweka treni mbili mfululizo bila siku mbili za akiba katikati. Kwa upande wa pili, Dar ni mji mwema wa kukwama. Ukiikosa TAZARA, una soko, una hospitali, una mabasi ya Lusaka yanayoondoka huko huko, na una muda wa kubadili mawazo.

*Mwili na mzigo.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine, na ndiyo sababu watu wanaipenda pamoja na urefu wake. Unalala. Daraja la kwanza la TAZARA ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita, na wanaume hulala vyumba vyao na wanawake vyao isipokuwa mmekata chumba kizima. Familia ya watu wanne ikikata vitanda vyote vinne imepata nyumba yake kwa siku mbili. Kuna meza ndogo chini ya dirisha, ya kuweka chupa ya chai na si zaidi, maana behewa hurukaruka na kikombe kilichojaa hakifiki mdomoni. Chukua kitanda cha chini kama una mzee au mtoto. Usiku, kabla treni haijasimama kituo chochote, shusha dirisha na ulifunge kwa komeo. Mkono wa mwizi hauhitaji zaidi ya upana wa begi. Behewa la chakula lina wali kuku na ugali samaki, na usishangae samaki huyo akikufanya ulikumbuke soko la samaki la Kirumba, Mwanza.

Na kuna ya kutazama. Treni ikiondoka Dar kwa wakati, unaingia Hifadhi ya Nyerere kabla giza halijashika, na twiga na swala kando ya reli ni jambo la kawaida; tembo ni bahati yako. Kisha linakuja bonde la Kilombero na mashamba yake ya mpunga na miwa, na baada ya Mlimba reli inapanda milima kuelekea Makambako. Sehemu kubwa ya mahandaki ya reli yote, ambayo ni zaidi ya 20, iko kwenye kipande hicho, pamoja na madaraja marefu ambayo ukichungulia chini unaona mto kama uzi. Anayepandia Mbeya hayaoni haya. Reli ya kati nayo ina utamu wake, ingawa ni wa mdomo: asali ya Tabora kwenye chupa za maji, na kuku wa stesheni ya Saranda ambao kuna abiria huacha kula tangu Itigi kwa ajili yao.

*Mpaka.* Mnavuka mkiwa ndani ya behewa. Maofisa wa uhamiaji wa Tunduma na wa Nakonde, upande wa Zambia, hupanda treni, wanagonga muhuri chumba kwa chumba. Wabadilisha fedha nao hupanda. Badilisha kidogo tu, na uwe umeshauliza kiwango cha siku hiyo mapema, kwa sababu mtu aliyeamshwa usingizini hapigi hesabu vizuri.

Njia ya pili: basi hadi Mbeya, TAZARA kutoka hapo

*Muda.* Inapunguza siku mbili au zaidi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, 2023, unaondoka Mwanza na kufika Mbeya bila kulala njiani. Uliza basi lako linapita wapi kabla ya kulipa: kuna linalozungukia Singida, Dodoma na Iringa, zaidi ya kilomita 1,200 za lami, na kuna linalokatiza Tabora na Chunya. Mpiga debe atakwambia yote ni sawa.

"Dada, Mbeya hiyo? Siti ya dirishani imebaki moja."

"Linapita Iringa?"

"Linapita kote, dada yangu, wewe lete begi."

Usilete begi. Nenda dirisha la ofisi, soma tiketi.

*Fedha.* Kwa wengi ndiyo ya kati. Nauli ya basi ndiyo kubwa, ya treni kutoka Mbeya ni pungufu kwa kuwa nusu ya njia imeshapita. Gesti za Mbeya ni nafuu kuliko za Dar.

*Maunganisho.* Hapa njia hii ina uso wake mzuri na wake mbaya. Uzuri ni kwamba stesheni ya Mbeya iko kando ya barabara kuu ya Tunduma, nje kidogo ya mji, na treni ikichelewa au kufutwa, mpaka uko kilomita kama 100 tu mbele. Unapanda Coaster, unaendelea na njia ya tatu bila kupoteza kitu zaidi ya tiketi. Ubaya ni kwamba unaisubiri treni iliyotoka mbali. Kama imechelewa saa nane kutoka Dar, wewe ndiye unayezikaa hizo saa nane, Mbeya, na kama ni Juni au Julai, kwenye baridi ambayo mtu wa Mwanza haijui. Koti si urembo. Kata kitanda mapema kupitia ofisi za TAZARA, kwa sababu vyumba hujazwa kuanzia Dar na anayepandia katikati hupewa kilichobaki.

*Mwili na mzigo.* Basi la siku nzima na usiku wake ni kazi kwa magoti na kiuno. Mwenye sukari, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asijidanganye kwamba Mbeya ni karibu. Ukishaingia kwenye treni unapumzika, na una usiku wako na mchana mzima wa misitu ya miombo ya Zambia, kupitia Kasama na Mpika, na Mto Chambeshi. Ni nzuri, ingawa ni nzuri ya aina moja kwa muda mrefu. Beba kitabu.

*Mpaka.* Sawa na njia ya kwanza: ndani ya behewa.

Njia ya tatu: basi mwanzo hadi mwisho

*Muda.* Ndiyo fupi. Mwanza hadi Tunduma, kisha Nakonde hadi Lusaka, karibu kilomita 1,000 kwa barabara kuu ya kaskazini ya Zambia.

*Fedha.* Nauli mbili, hakuna gesti kama umeunganisha vizuri. Lakini kila kituo cha chakula ni cha kulipia, na mzigo wa ziada kwenye basi unapimwa kwa jicho la konda.

*Maunganisho.* Faida yake ndiyo hii. Basi likikuacha, kuna jingine kesho, pengine leo jioni. Huendeshwi na ratiba ya mara mbili kwa wiki.

*Mwili na mzigo.* Ndiyo ngumu kuliko zote. Hakuna kitanda, choo ni mpaka basi lisimame njiani, na barabara ya kuelekea Tunduma imejaa malori. Ajali za usiku kwenye njia hiyo si hadithi.

*Mpaka.* Unashuka na mabegi yako. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa 2019, kimepunguza usumbufu sana, kwani unagonga mihuri ya nchi mbili mahali pamoja. Foleni unayoiona ni ya malori. Ya watu hutembea. Kumbuka saa: Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo saa tatu asubuhi ya Tunduma ni saa mbili ya Nakonde. Kwa mwenye tiketi ya basi la Lusaka, saa hiyo moja ni zawadi wakati wa kwenda na ni mtego wakati wa kurudi.

Yanayofanana njia zote

Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia kwa matembezi, ila anahitaji pasipoti, na anaweza kuulizwa kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi ipatie Mwanza, kwa utaratibu, mapema. Chanjo inahitaji siku kumi kabla ya kuhesabiwa kuwa halali. Aliyekwenda kuitafuta mpakani amejitafutia gharama. Mwenye mzigo wa biashara wa samaki au dagaa apate kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi kabla hajafunga gunia, haijalishi anapita njia gani.

Kwa hali yako

Kama unasafiri na watoto au mzazi mzee, na hakuna kinachowakimbiza, pitieni Dar na mkate chumba kizima. Gharama ya ziada itakuwa ya kulipia usingizi. Nje ya miezi ya mvua mnaweza kuanza na treni ya kati kutoka Mwanza. Wakati wa mvua pandeni basi hadi Dodoma, halafu SGR, mpate kukikwepa kile kipande cha Gulwe.

Mfanyabiashara mwenye magunia ya dagaa ana hesabu nyingine. Behewa la mizigo la TAZARA linabeba kwa bei nzuri na mzigo unavuka mpaka pamoja nawe, lakini kuufikisha mzigo huo hadi Mbeya kwa basi la abiria ni vita. Mama mmoja wa soko la dagaa la Mwaloni, hapa Mwanza, aliniambia kwa ufupi: "Mwanangu, gunia halina haraka, mimi ndiye nina haraka." Yeye hutanguliza mzigo kwa lori hadi Mbeya, anaufuata kwa basi, na kuingia nao kwenye treni. Kwa mzigo mdogo, magunia mawili au matatu, hilo naliona sawa. Ukizidi hapo, lori hadi Tunduma na wakala wa forodha ni nafuu kuliko kujipa moyo.

Mwanafunzi au kijana mwenye begi moja, anayetaka kuiona TAZARA lakini hana wiki nzima, apandie Mbeya wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi abaki ndani hadi Dar, apate milima ya Mlimba na hifadhi, kisha SGR na basi hadi nyumbani. Kama ningelazimishwa kuchagua moja kwa ajili yangu, ningechagua hivyo, kwa sababu ukichelewa kwa kurudi hakuna anayekusubiri isipokuwa watu wa nyumbani.

Mwenye msiba, mwenye miadi ya hospitali Lusaka, mwenye usaili wa kazi Jumatatu: basi. Usiweke jambo la tarehe juu ya treni ya mara mbili kwa wiki.

Na kwa anayetaka kwenda mbele zaidi, hadi Livingstone kwenye Maporomoko ya Victoria na lile daraja la 1905, au hata Cape Town: reli yenyewe ipo hadi huko kusini, ila treni za abiria za kuunganisha kati ya Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini hazitegemeki, hivyo baada ya Kapiri Mposhi jihesabu kuwa mtu wa basi. Stesheni ya New Kapiri Mposhi iko mbali kidogo na ile ya reli ya Zambia, na basi dogo la Lusaka linachukua kama saa tatu. Tiketi ya kutoka Lusaka kwenda Livingstone usiikate kwa siku ile ile ratiba inayosema utafika. Ikate ukishafika Lusaka, au iweke siku mbili mbele.